Mtu Mzima Kwenye Swichi

Leodgar alikuwa akionja umeme. Mtu yeyote wa Bagamoyo aliyewahi kujenga nyumba ya maana analijua hilo, na wapo waliowahi kuita jirani aje kutazama. Alipanda juu ya ubao mkavu, akavua saa, akakunja kidole cha kati cha mkono wa kulia na kuugusa waya kwa mgongo wa kidole, upesi, kama mama anayepima uji wa mtoto. Waya ukiwa na moto alisema, "Upo." Usipokuwa na moto hakusema kitu, aliendelea na kazi. Kwa nini mgongo wa kidole? Alimweleza kila aliyeuliza: umeme hukunja mkono, na mkono ukijikunja hukikumbatia kilichomo kiganjani, lakini kilicho mgongoni hukiacha. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa, na yamezika mafundi kadhaa.

Alitoka Mahenge akiwa kijana, akajifunza ufundi kwa kumshikia ngazi bruda mmoja wa misheni, akaoa, akabaki. Leseni alikuwa nayo, ingawa picha iliyokuwa juu yake ilikuwa ya mtu mwembamba mwenye nywele. Mkewe, Verdiana, alipika chakula cha mafundi. Popote Leodgar alipopata kazi, Verdiana aliinua banda lake la mabati pembeni, akainjika sufuria, na mchana watu wakala wali, maharage, na samaki siku ambazo samaki walikubaliana na bei. Ukoko wa wali haukuuzwa. Ukoko ulikuwa wa Leodgar. Verdiana aliubandua kwa mwiko, akaukunja kwenye sahani yake bila neno, na hakuna fundi aliyewahi kuuomba, kama vile hakuna mtu anayeomba kulala kwenye kitanda cha mwenzake.

Nyumba tunayoizungumzia ni ya wageni, ya ghorofa, njia ya Mbegani. Mwenyewe ni Bi Shaikha, ambaye ukoo wake umeuza vitambaa, misumari na sabuni mjini kwa muda mrefu hata hakuna anayekumbuka aliyewauzia wao. Ghorofa ilipoanza kupanda, Bi Shaikha akaleta fundi wa pili wa umeme. Jina lake Ammar. Watu walisema ni mpwa wake. Hakuwa mpwa wake, lakini jambo kama hilo likishasemwa saitini, kulikanusha ni kulikuza.

Ammar alikuwa na adabu. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza. Kila asubuhi alimwendea Leodgar, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, fundi," na Leodgar akajibu, "Marahaba," na kila marahaba ilimzeesha mbele ya mkewe, aliyekuwa pale pale akipembua mchele.

Kosa la pili lilikuwa nyaya. Nyaya za saiti zilikuwa zimelala chini, zikivuka madimbwi, zimeungwa kwa tepu, na pale tepu ilipokwisha, kwa kipande cha mfuko. Ammar alizinyanyua zote akazitundika kwenye miti, kila kiungo cha mfuko akakikata akaweka plagi. Hakumlaumu mtu. Alifanya kazi hiyo akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo Leodgar aliliona ni lawama yenye muziki.

Kosa la tatu lilikuwa kufuli.

Bodi ya muda ya saiti ilikuwa na meni swichi moja kwa kila kitu: taa, pampu, mashine ya kuchomelea. Ammar alipotaka kupanda kuunga nyaya, alizima swichi, akaibana kwa kufuli jekundu, akatia ufunguo mfukoni, akapanda. Na huko juu, baada ya hayo yote, alitoa testa, bisibisi yake yenye kitaa, akagusa waya kwanza. Mjini neno kufuli lina maana yake nyingine, ya nguo ambayo mwanamke haianiki mbele ya wageni, na Bilali, kibarua mzee wa Kizaramo aliyekuwa akimwagilia zege, hakuwa mtu wa kuiacha maana hiyo ilale njaa.

"Ammar, hilo jekundu la nani?"

"Langu, mzee."

"Lako unalivua asubuhi, unalivalisha swichi?"

Wachomeleaji wakacheka. Ammar akacheka nao, jambo lililomuudhi Leodgar, maana yeye angekasirika, na mtu akifanya vizuri pale ambapo wewe ungefanya vibaya ni kama amekuibia.

"Unamwogopa nani hapa?" Leodgar alimuuliza. "Sisi sote ni watu wazima."

"Simwogopi mtu, fundi. Nikiweka kufuli, simshuku mtu. Nisipoweka, itabidi nianze kuwatazama mmoja mmoja."

Leodgar alisema kwamba hayo yote mawili ni kitu kimoja, ila moja limeoga.

Mpaka hapo ungekuwa wivu wa kazi tu, ule unaotibika kwa mmoja kuhamia Msata. Banda la Verdiana ndilo lililouhamisha ukaingia nyumbani.

Kwa muda mrefu Verdiana alikuwa akisikia ganzi. Akiegemea bati la banda, hasa akiwa ametoka kuosha vyombo, mkono ulimwasha kama umetambaliwa na wadudu, na moyo ukamruka. Alimwambia mumewe. Leodgar alisema ni presha. Verdiana akaenda kupimwa, presha ikakutwa juu kidogo, kama ya kila mtu anayepimwa baada ya kusubiri kwenye foleni, akaanza vidonge. Chumvi akaipunguza, na mafundi wote wakala chakula kisicho na chumvi kwa ajili ya presha yake.

Siku moja Ammar, akisubiri sahani, aliegemea bati hilo hilo. Akaondoa mkono. Akatoa testa, akaligusa bati, na kitaa kidogo kikawaka. Alizunguka nyuma ya banda akakuta waya wa taa uliopitishwa kwenye tundu la bati, bila mpira wala kitu, umesuguliwa na upepo wa baharini mpaka ganda likaisha. Waya huo ulikuwa umepitishwa na Leodgar. Ammar alizima, akaubadilisha, akauvisha bomba, na akasema kwa sauti ya upole, ambayo kwa bahati mbaya ilisikika saiti nzima:

"Mama Angela, haikuwa presha. Ulikuwa unapigwa shoti."

Verdiana alimtazama mumewe. Hakusema mbele za watu. Alisema baadaye kidogo, mbele za watu wachache.

"Baba Angela, nimemeza vidonge."

"Presha pia ilikuwepo," alisema Leodgar.

"Nimemeza vidonge, na wewe ndiye fundi umeme."

Kuna wanaume wanaoweza kuvumilia kijana kumsifu mke wao. Wachache zaidi wanaweza kuvumilia kijana kugundua kitu kinachomtetemesha mke wao, kwa kidole kimoja, akisubiri maharage. Kesho yake Verdiana alibandua ukoko, akaukata katikati. Nusu ikaenda sahani ya Leodgar. Nusu ikaenda kwa Ammar.

Leodgar hakuila nusu yake. Alimtazama Ammar akitafuna, na ukoko, kama inavyojulikana, hauliki kimya.

Wiki ile akaenda dukani kwa Bi Shaikha. Malalamiko aliyokwenda nayo yalikuwa ya kweli, kwa maana wivu wenye akili hautembei bila kushikana mkono na ukweli.

"Shikamoo, Bi Shaikha."

"Marahaba, Leodgar. Nyumba yangu ikoje?"

"Haijambo. Ila ina kufuli."

"Kufuli gani tena?"

"La kijana wako. Akipanda juu anafunga umeme wote. Pampu haipandishi maji, mzee Bilali amekaa kitako, zege linakauka kabla halijanywa."

Bi Shaikha alishusha miwani. Zege lile lilikuwa lake kwa namna ambayo watu wengine husema mtoto ni wao. "Zamani mlikuwa mnafanyaje?"

"Mtu mzima anasimama kwenye swichi. Aliye juu anamuuliza, wa chini anamjibu. Anatosha."

"Mtu mzima gani?"

"Hata mimi," alisema Leodgar.

Amri ikatoka. Ammar alipoambiwa, alilitoa kufuli kwenye bodi, akalifuta vumbi kwa shati, akalitia mfukoni. "Kama ni wewe unayesimama, fundi," alisema, "mimi nina amani." Na katika yote ambayo kijana yule alimfanyia Leodgar tangu aje, hilo ndilo lililouma kuliko yote.

Siku ya tukio Ammar alikuwa juu akiunga laini ya taa za ukumbi, ncha za nyaya ziko wazi dari nzima. Leodgar alikuwa amezima swichi, amesimama mbele yake kama askari wa benki. Adhuhuri ilipoadhiniwa Ammar akateremka kwenye ngazi yake, akatandika mkeka chumba cha pili huko huko juu, akaswali. Saiti ikatulia.

Ndipo Verdiana alipotoka bandani na sahani iliyofunikwa. Alipita mbele ya mumewe.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Ammar. Hatashuka mpaka amalize, itapoa."

"Mimi je?"

"Wewe si uko chini, Baba Angela. Njoo upakue."

Akapanda ngazi za zege. Upepo wa baharini ukanyanyua kitambaa cha sahani, kidogo tu, na Leodgar akaona kilichokuwa chini yake. Hakikuwa nusu. Ulikuwa ukoko wote, mviringo, rangi ya asali, umekaa juu ya wali kama kofia ya bwana harusi.

Wakati huo huo Bilali akaja nyuma yake na mpira wa maji begani. "Fundi, kijana anaswali. Niwashie pampu kidogo, zege linalia."

"Mm," alisema Leodgar, macho yake yakiwa kwenye ngazi.

Bilali, kama kibarua yeyote mwenye busara, alihesabu mm kuwa ni ndiyo. Akainua mkono wa swichi, akaenda zake kisimani. Pampu ikaanza kunguruma nyuma ya nyumba.

Leodgar alipogeuka, swichi ilikuwa juu. Aliiona vizuri. Ilikuwa mchana, na macho yake hayana tatizo. Na kabla hajanyoosha mkono, sauti ikatoka ghorofani, ya mtu aliyemaliza kuswali na moyo wake ni mweupe:

"Fundi Leodgar, ya juu bado imezima?"

Kujibu kulikuwa rahisi. "Ngoja" lingetosha. "Ina moto" lingetosha. Lingetosha hata lile neno lake mwenyewe, lililomjengea jina mji mzima. Kusema "imezima" kungekuwa uongo, na Leodgar, aliyelelewa na mapadri, alikuwa na hofu ya uongo kuliko ya umeme.

Akasema, "Nzima."

Neno hili sote tumelitumia tangu utotoni bila kudhurika. Mtu mzima, nyumba nzima, hujambo, mzima. Lakini mtu akikuuliza kama laini imezima, nawe ukajibu nzima, ataelewa kuwa imezima yote, na atapeleka mkono. Wewe ukihojiwa baadaye, utasema ulikuwa na maana kwamba laini ni nzima, iko hai. Hutakuwa umeongopa. Lugha itakuwa imekufanyia kazi hiyo.

Kukawa kimya. Pampu ilinguruma. Leodgar alisimama, mkono ukiwa karibu na swichi na haufiki. Na katika kimya hicho, kwa kasi ambayo ni mtu mwenye wivu tu anaijua, akauona msiba wote: turubai, wanaume wa ukoo wamekaa kwenye mikeka, na upande wa wanawake, Verdiana. Analia. Analia zaidi ya kiasi kinachomstahili mke wa mtu mwingine. Anasema alikuwa kijana wa watu, ndiye aliyegundua bati. Atalia mwaka huu, na mwaka ujao atamtaja, na marehemu hazeeki, hanenepi, hachelewi kurudi nyumbani. Wivu ukampanda Leodgar upya, safari hii akimwonea maiti.

Ni vigumu kusema kama alivuta swichi kwa huruma au kwa kukataa kushindwa na marehemu pia. Aliivuta kwa mikono miwili. Kisha akapanda ngazi mbili mbili, mtu ambaye kwa kawaida hupanda kama anadai posho.

Ammar alikuwa amekaa juu ya ubao wa jukwaa, testa mkononi, akiitazama. Ncha za nyaya zilining'inia mbele ya uso wake. Verdiana alikuwa mlangoni na sahani yake.

"Taa iliwaka," alisema Ammar bila kugeuka. "Sasa hivi imezimika, nikiwa naiangalia."

"Bilali aliwasha pampu," alisema Leodgar. Alikuwa anahema.

"Nilikuuliza, ukasema nzima."

"Nilisema nzima."

"Nzima ipi, fundi?"

Swali hilo liliulizwa kwa adabu ile ile ya shikamoo. Leodgar alitazama dari, akatazama dirisha, akarudi kwenye dari.

"Ya uzima," alisema. "Laini nzima, ina moto. Nilikuwa nakutahadharisha."

Watoto wa pwani hulelewa kutomwambia mtu aliyewapita umri kuwa ameongopa, hasa mkewe akiwa mlangoni. Ammar alirudisha testa mfukoni.

"Basi ahsante, fundi," alisema. "Mimi nilisikia ile ya yote."

Akashuka. Mguu wake ulikikosa kipago cha kwanza cha ngazi, ukakitafuta, ukakipata. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba naye aliogopa. Aliipokea sahani, akashukuru, akaenda kula chumba cha pili peke yake. Hakuna aliyesikia akitafuna.

Verdiana hakuzungumza mpaka alasiri, alipokuwa akisugua sufuria kwa mchanga na Leodgar amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hana kazi ya kufanya, hana pa kwenda.

"Nilikuwa kwenye ngazi," alisema.

"Najua."

"Nilikusikia."

"Nilimtahadharisha, Mama Angela."

Verdiana aliendelea kusugua. "Mimi nimekaa na wewe tangu Angela hajazaliwa. Nimekuona unagusa nyaya za watu mpaka nimechoka kuomba rozari. Waya ukiwa na moto unasema upo. Kila siku unasema upo. Hujawahi hata mara moja kusema nzima."

Leodgar akaanza kupangusa mchanga uliomrukia mguuni.

"Mtoto wa watu," alisema Verdiana. "Kwa sababu ya ukoko?"

"Si ukoko."

"Ni nini?"

Alikuwa na mengi ya kusema: shikamoo, nyaya zilizotundikwa, kuimba kule kwa chini, bati. Kila alipolileta moja mpaka mdomoni aliliona linavyofanana na ukoko.

"Mimi nilisema ni presha, yeye akasema ni umeme," alisema mwishowe.

"Si ulikuwa umeme, Leodgar?"

Hakumwita Baba Angela. Alimwagia sufuria maji, akaifunika juu ya meza, akaanza kukusanya miko.

Leodgar alikwenda dukani kwa Bi Shaikha jioni ile ile, kabla duka halijafungwa. Alimkuta anakunja vitenge.

"Shikamoo, Bi Shaikha."

"Marahaba. Zege langu limekunywa?"

"Limekunywa." Akasimama. "Nimekuja kuomba kufuli lirudi."

Bi Shaikha aliendelea kukunja. "Wewe ndiye uliyeniambia liondoke."

"Ndiyo."

"Ukasema mtu mzima anatosha."

"Nilisema."

"Kumetokea nini?"

"Hakujatokea kitu," alisema Leodgar, na hilo nalo lilikuwa kweli. "Pampu tuitolee swichi yake peke yake, nitaifunga mimi kesho asubuhi, mzee Bilali apate maji. Hiyo nyingine ya nyaya ifungwe. Makufuli yawe mawili, langu na lake. Aliye juu ndiye mwenye ufunguo."

"Na mtu mzima?"

"Mtu mzima ana mambo yake kichwani."

Mwanamke aliyekaa nyuma ya kaunta maisha yake yote hujua ni wakati gani mteja hajamaliza kusema, na wakati gani ni vizuri asimalize. Bi Shaikha akageuka, akachukua makufuli mawili kwenye rafu, akayaweka juu ya kaunta. Kila moja lilikuwa na funguo mbili kwenye kijikebe kidogo.

"Hizi moja moja mtakaa nazo mifukoni," alisema. "Hizi za akiba? Nikupe wewe, si ndiye mkubwa?"

Leodgar alizitazama funguo. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kaunta, akaurudisha.

"Wa kufuli langu mpe Ammar akae nao," alisema. "Wa kufuli lake, Bi Shaikha, usinipe mimi."